Salfa Machoni

Uliisikia kwanza, Naima. Kabla hujaniona uliisikia mashine mgongoni mwangu ikinguruma, ikikohoa, ikinguruma tena, Chiwata yote ikiwa bado imejifunika ukungu. Kisha ukaona vumbi: salfa ya njano ikipanda juu ya mikorosho, ikitafuta jani la kukaa.

Nilikuwa natembea mbio. Mti huu, mti ule, mti ule. Salfa hupulizwa umande ukiwa mbichi na hewa imetulia, maana unga hushika penye unyevu tu. Jani kavu huuacha uende zake. Najua. Hakuna kijana wa hapa anayenizidi kwa kazi hii. Lakini jua lilikuwa limeshapanda upande wa Newala, umande umekauka, upepo umeamka, nami bado napuliza, napuliza, kama mtu anayefukuzwa na nyuki.

"Zima hiyo mashine," ukaniita. "Baba Ashraf anakushukuru. Mikorosho yake imepata dawa ya bure."

Nikazima. Kweli, wingu langu lote lilikuwa limevuka mpaka, limeingia kwa jirani huyo.

"Jana baba amekubali posa yako," ukasema. "Kwetu vigelegele mpaka mbuzi wamekata kamba. Wewe, mjomba wako anakuletea habari, unainama kufunga kamba za viatu. Kama hunitaki sema sasa, nikamwambie baba kabla hajatangaza."

Nisikutake! Wewe ambaye jina lako nalitaja hata nikiwa nachota maji?

Jandoni nilifundishwa kwamba maumivu yakija, uso usitikisike. Nilifuzu, Naima, nikawapita wenzangu wote. Kisu kilipita, jicho likabaki kavu, wajomba wakanisifu. Hakuna aliyeniambia kuwa uchungu na furaha huingilia mlango mmoja. Nilipoufungia uchungu, na furaha ikabaki nje. Tangu hapo ikija inanikuta jani kavu. Inanigusa, inateleza, inakwenda kwa jirani. Nami nakimbia, mti huu, mti ule, natafutia mikono kitu cha kushika, kwa kuwa moyo umekataa kushika.

Nikafungua kinywa niyaseme hayo. Upepo ukageuka. Ukalikung'uta vumbi lote kutoka kwenye yale majani makavu ya jirani, ukanirudishia usoni.

Macho yakawaka. Machozi yakatoka, yakazidi kutoka.

"Unalia?"

"Salfa."

"Haya. Salfa."

Hukuondoka. Ulisimama unasubiri, kama mtu aliyesimama uani na anajua wenyewe wamo ndani. Macho yakapoa. Machozi hayakukoma.

Ukanipitishia kidole shavuni, ukanionyesha: njano tupu. Vumbi lilelile lililozunguka asubuhi nzima bila pa kukaa, sasa limekaa. Limeshika.

Baba Ashraf alikuwa amesimama mpakani, jembe begani, anatusikiliza waziwazi. Asikie.

"Naima," nikasema, kwa sauti ya kumfikia na yeye, "siku ya harusi nitalia mbele ya watu, na wajomba zangu wakiwepo. Na sitaisingizia salfa."