Nywele za Kwanza za Jael

Saluni yetu iko Umbilo, juu ya duka la simu. Siku ile Jael alikuja na mfuko wa nywele zake mwenyewe, akaumimina kwenye kiti.

"Deborah, nisukie rasta moja tu. Ndefu kama maisha yangu."

"Ya kichwa gani?"

"Ya ukutani."

Anasoma sanaa hapa Durban, na hiyo ndiyo kazi yake ya kumaliza chuo: rasta moja ining'inie kutoka juu hadi sakafuni, mtu akiitazama auone wakati ukipita. Jael ni mwanamke. Alipozaliwa, kwao Kenya walisema ni mvulana. "Wee, walisema tu, hawakuniuliza," husema, akicheka. Chini zingekaa nywele za mwaka huu, zenye rangi. Katikati zile alizokuwa akizificha ndani ya kofia. Juu kabisa zile alizonyolewa akiwa mchanga, ambazo mama yake alizifunga kwenye kitambaa akazitia sandukuni.

"Watu wanadhani nilianza juzi," aliniambia. "Nataka waone ni mimi tangu pale."

Rasta huanzia kwenye shina, kwa hiyo nikamwambia sitasuka mpaka nywele za kwanza zifike. Akatuma ombi nyumbani, tukangoja. Mama hakuwa amesema naye tangu ajiite Jael. Kama angezituma zile nywele, angekuwa ameitikia hilo jina. Jael hakunieleza hivyo, lakini nilimwona akija na kitenge kipya kutoka soko la Warwick, akikikunja na kukikunjua. Cha mama, alisema.

Jumamosi ujumbe wa sauti ukaingia, wa kaka yake Mugambi. Akaufungua mbele yangu.

"Sasa, usikasirike. Unajua hapa mtu akipotea bila mwili tunazika mgomba. Tumezika jana. Pasta alikuja. Zile nywele tuliziweka ndani, na lile jina la zamani likasomwa. Mum anasema kijana wake sasa amepumzika. Usipige simu, tafadhali."

Jael akacheka. "Kumbe mimi marehemu! Marehemu ameketi Umbilo anakunywa soda."

Kisha akapiga, simu ikiwa kwenye spika. Mama akapokea, nyuma yake nilisikia kuku.

"Mum, ni mimi."

"Nani?"

"Mtoto wako. Jael."

Kuku wakaendelea kulia.

"Mtoto wangu nimemzika, dada," mama akasema, kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni aliyepotea njia. Simu ikakatika.

"Ameniita dada," Jael akasema. "Umesikia? Dada."

Akateremka kutoka kwenye kiti, akakaa sakafuni katikati ya nywele zake nilizokuwa nimezipanga pale. Mimi nilibaki nimesimama na kitana mkononi.

Mama Prodige, anayeuza mboga Warwick, akaingia kusukwa. Akamwona pale chini.

"Eish, iko nini?"

"Amefiwa," nikasema.

"Yesu! Na nani?"

Jael akajibu mwenyewe.

"Na mama."

Kwetu mwenye msiba haachwi alie peke yake. Mama Prodige akaweka mifuko yake, akavua viatu, akakaa sakafuni, akakivuta kichwa cha Jael mapajani mwake. Akaanza kumlilia kwa sauti mwanamke ambaye hajafa. Nikafunga mlango, nikakaa nao.