Ndovu Ale e6

Habari ilimfikia Nabiha Jumamosi asubuhi, saa tano na nusu, kwenye saiba ya intaneti, ghorofa ya pili mtaa wa Biashara. Yule Mchile, mpinzani wao wa sataranji mtandaoni, alikuwa amejibu. Alikuwa amesogeza farasi pembeni kabisa, farasi yule yule ambaye wiki nzima yeye na Mzee Bhagwanji walikuwa wakiomba asogezwe, na mfalme wake bado alikaa katikati ya ubao kama mgeni asiyejua kuaga.

Hebu kwanza nikueleze walivyofika hapo. Mzee Bhagwanji, mwenye duka la vitambaa pale chini, alikuwa amecheza sataranji kwa kadi za posta tangu ujana wake, na ufunguzi wake ulikuwa mmoja tu, Gambiti ya Morra. Hatua ya tatu unamtoa askari wako bure, aliwe, na wakati mwenzako anafurahia kitoweo, kete zako zinatoka haraka kumvamia. Watu walimwambia ni wazimu. Yeye hakusikia la mtu. Ila fainali hakuwahi kuiona hata siku moja. Mwaka wa 1974 alibakiza mchezo mmoja, akatoka sare na Mbulgaria, na sare hiyo ilimkaa rohoni mpaka leo. Kadi yenyewe bado alikuwa nayo kwenye kopo la biskuti.

Nabiha, karani wake, mzaliwa wa Mombasa aliyehamia Uthiru, ndiye aliyemwingiza mtandaoni. Walijiandikisha kwenye mashindano ya watu wawili wawili, siku tatu kwa kila hatua, na baada ya miezi minane ulibaki mchezo huu mmoja. Wakishinda, fainali. Sare haitoshi. Kila hatua waliijadili juu ya ubao, katikati ya majora ya vitambaa, Mzee akionyesha kwa kidole na Nabiha akipanda juu kuiandika. Lakini Alhamisi hiyo Mzee alipasuliwa jicho la kulia. La kushoto lilikuwa limekufa zamani, kwa hiyo hilo ndilo jicho alilokuwa nalo duniani, na daktari alilifunga bandeji mpaka Jumatano.

Nabiha akampigia simu.

"Mzee, amesogeza farasi pembeni."

Kisha sauti ya mtu anayejiinua kitandani. "Pembeni kabisa?"

"Kabisa."

"Basi ndovu ale e6."

Nabiha alikaa wima kwenye kiti. Mraba wa e6 ulikuwa na askari mwenye mlinzi. "Ndovu, Mzee? Huyo ataliwa pale pale."

"Kwani mimi sijui ataliwa? Wewe kula tu."

Akala. Alibonyeza kwa raha, maana maisha yake yote alitamani kumtoa kafara ndovu namna hiyo na hakuwahi kuthubutu. Mbithi, mwenye saiba, alimwona anavyocheka peke yake akamuuliza kama amepata viza ya Amerika. Na katika mashindano yale, hatua ikishatumwa imetumwa, hata ulie machozi ya damu.

Saa saba alifunga duka, saa nane alikuwa nyumbani kwa Mzee, Kileleshwa. Hemlata, mke wa mwana wa Mzee, alimfungulia mlango na kumwonya kwamba mgonjwa hatakiwi kusisimka. Mgonjwa alikuwa ameketi kitandani na ubao mapajani.

"Nipangie," akasema.

Nabiha akapanga. Mzee akaanza kuupapasa ubao, kete moja baada ya nyingine, midomo ikichezacheza. Vidole vilipofika e6 vikasimama. Vikapanda mpaka kwenye kichwa cha ile kete, kile chenye mpasuo, vikashuka, vikapanda tena.

"Huyu ngamia anafanya nini hapa?"

"Ngamia gani, Mzee? Si ndovu huyo?"

"Ndovu ni hii." Akaupapasa ule mnara, bado uko e1, haujatikisika. "Hii ndiyo ndovu. Inaenda moja kwa moja. Ile ya mshazari ni ngamia. Hata mtoto anajua."

Nabiha akaelewa. Kwao Mombasa, babu yake alimfundisha kwamba wa mshazari ndiye ndovu, na huo mnara ni ngome. Miezi minane walicheza pamoja bila mmoja wao kutaja kete kwa jina, kwa sababu kidole kilitosha.

"Nimekuharibia, Mzee," akasema. "Nimekuharibia fainali yako."

Vidole vya Mzee vilikuwa vimeanza safari. Vilimwondoa ngamia, vikaweka askari wa Mchile mahali pake, vikaurusha mnara mpaka e6 ana kwa ana na mfalme. Vikajaribu kumtorosha mfalme kulia. Ukuta. Kushoto, farasi wa Nabiha. Akarudisha zote, akaanza upya, safari hii kwa kasi.

"Nabiha," akasema polepole, "nyumba yake imefungwa pande zote."

"Una hakika?"

"Hemlata! Leta lile kopo ya biskuti."

Alitaka asomewe kadi ya mwaka 1974. Nabiha aliisoma mara mbili. Katika hali kama hii hii, pale pale e6, Mzee alikula kwa mnara kwanza, na Mbulgaria akapumua, akapona.

"Miaka thelathini na mbili," Mzee akasema. "Nilituma ndovu ile haifai." Bandeji ilikuwa imelowa kidogo, na Hemlata akamkemea kwa Kigujarati, kisha akamgeukia Nabiha akamkemea na yeye kwa Kiswahili.

Mchile alitumia siku zake zote tatu. Akamla ndovu wa Nabiha, akajitetea hatua sita, kisha Jumanne moja asubuhi akasalimu amri. Nabiha alishuka ngazi za saiba mbili mbili mpaka dukani, na Mzee alipomwona uso hakuhitaji kuambiwa kitu. Alifunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo mtaa mzima ulilizungumzia.

Fainali ilianza Septemba. Walicheza Morra, bila shaka. Hatua ya kumi na nne, Mzee aliinama juu ya ubao kwa jicho lake jipya, akatazama kwa muda mrefu, akarudisha mkono mfukoni.

"Ndovu," akasema.

"Wako au wangu?"

"Chagua wewe."