Kiambatisho Hakipo

Mama wa mazoezi pale kliniki hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Alimshika Bi Karani mguu wa kushoto, akaukunja, akaukunjua, halafu akasema, "Wewe nenda likizo. Mguu usiende. Huu ukiulaza wiki mbili, ukirudi tunaanza moja."

Bi Karani aliitikia vizuri sana, kama watu wote wanavyoitikia kliniki.

Jina la Bi Karani lilimganda ingawa alikuwa amestaafu miaka tisa, na mumewe naye kila mtu alimwita Tarishi mpaka leo. Walijuana kazini. Bi Karani alikuwa kwenye mashine ya taipu ghorofa ya tatu, na mwenzake alikuwa wa kupanda na kushuka na barua kwapani, daftari la kupokelea mkononi. Sasa ulikuwa mwezi wa nane tangu kiharusi kimpige Bi Karani upande wa kushoto. Ulimi ulirudi upesi, na Tarishi hakuacha kuwaambia wageni kwamba huo ulikuwa wa kwanza kupona. Mkono ulirudi nusu. Mguu ndio ulikuwa bado unaringa.

Walikaa ghorofa ya pili, ngazi thelathini na nane kutoka chini, lifti hakuna. Juu yao lilikuwa paa tambarare la kuanikia nguo, ambako Bi Karani hajakanyaga tangu augue. Kila asubuhi alipanda ngazi hizo kwa mazoezi, Tarishi akihesabu nyuma yake, na siku alipojitahidi sana alifika ya kumi na moja. Zilizobaki alibebwa na majirani wawili juu ya kiti cha plastiki, macho ameyafumba kwa aibu. Watoto wao walikaa kikao. Binti yao mkubwa, aliyewalipia likizo ile ili baba apumue kidogo, ndiye aliyetoa hukumu.

"Mkirudi, mama akipanda mwenyewe mpaka mlangoni, mnabaki hapa. Akishindwa, mnahamia kwa kaka, kile chumba cha chini. Sitaki siku moja nipigiwe simu kwamba kiti kimeteleza."

Hakusema kwa ubaya. Lakini nyumba ile walikuwa wameishi miaka thelathini na moja. Watoto wote watatu walijifunzia kutembea kwenye korido yake, na yule anayetoa hukumu alikuwa mzito kuliko wote kuanza. Bi Karani alifunga begi lake akiapa kwamba mguu atautembeza kila siku.

Vyumba vya hoteli vilikuwa vya chini, vimepangana kwenye varanda ndefu, mbele yake bustani yenye mabenchi, na mwisho kabisa mgahawa wa juu, unaofikiwa kwa ngazi. Siku ya kwanza Bi Karani alishika fimbo, akatoka. Alikuwa amepiga hatua kama kumi, mguu ukiburuta, wakati mama mmoja mwenye kofia pana alipoinuka kwenye kiti chake cha kupumzikia. "Pole, bibi, pole jamani," alisema, na kabla Bi Karani hajajibu, mhudumu alikuwa ameshasukumiwa kazi ya kuleta kiti cha magurudumu. Watu wazima na watoto waligeuka kutazama. Alikalishwa. Akarudishwa chumbani akisukumwa.

Kuanzia hapo hakutoka. Chakula kililetwa mlangoni, na ni chakula kweli: mikate ya maziwa, mayai, soseji za chumvi alizokatazwa na daktari, juisi tamu mpaka meno yanauma. Alikula vyote. Tarishi alimbembeleza siku ya pili, akamfokea siku ya tatu, na siku ya nne akanyamaza, jambo lililokuwa baya zaidi. Jioni ile kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba, na vidole havikutaka kusikia amri.

"Likizo ni kupumzika," alisema Bi Karani.

"Sawa," alijibu Tarishi, bila kumtazama.

Asubuhi ya siku ya tano aliamka akakuta mumewe hayupo. Mezani palikuwa na bahasha za kaki, kalamu, na karatasi nyeupe za hoteli. Bahasha ya juu ilikuwa imeandikwa kwa ule mwandiko wake wa herufi kubwa zilizolala upande mmoja: KWA TARISHI MKUU (MSTAAFU). MAHALI: BENCHI LA KWANZA. Akachungulia dirishani. Mzee mzima amekaa kwenye benchi, kalamu sikioni, daftari magotini. Daftari lenyewe alikuwa amelipiga mistari kwa rula: tarehe, kutoka kwa, kwenda kwa, mahali, saa, sahihi.

Bi Karani alicheka kwa hasira. Halafu akakaa kitandani na hasira ikamtoka, kwa sababu mistari ile aliijua.

Aliikumbuka ofisi. Aliikumbuka harufu ya wino na karatasi ya kaboni, dirisha lisilofungika vizuri, na ngazi za saruji ambazo kila aliyezipanda alisikika. Viatu vya Tarishi vilikuwa na chuma kisiginoni. Kijana akiwa bado ghorofa ya kwanza, Bi Karani alishamjua. Akifika ya pili, Bi Karani alishajipangusa uso. Akiingia, vidole vilikuwa vinakimbia kwenye mashine, eti yuko na kazi nyingi. "Sahihi hapa, bibie," angesema yule kijana mrefu, akihema. Naye angesaini bila kuinua macho. Lo, alivyokuwa anaringa siku zile, na alivyokuwa anateseka.

Basi akaitia bahasha kwenye mkono wa kushoto, ule mbovu, kwa kuwa wa kulia ulikuwa wa fimbo. Ikaanguka. Akaiokota. Ikaanguka tena. Mara ya tatu vidole viliishika.

Varandani yule mama wa kofia alikuwepo vilevile. Alimwona, akafungua mdomo, akaiona bahasha, akaufunga. Akavuta miguu yake kumpisha. Bi Karani alipita akiwaza kwamba kweli Tarishi aliwahi kumwambia zamani, kwamba mtu mwenye bahasha ya kaki mkononi haulizwi anaenda wapi wala haonewi huruma, kwa sababu yuko kazini.

Alifika kwenye benchi jasho likimtiririka. Tarishi aliipokea bahasha kwa mikono miwili, akaifungua, akachungulia ndani.

"Haina kitu."

"Sasa?"

"Bahasha tupu haipokelewi, Bi Karani. Wewe wa zamani kazini, unajua. Rudi nayo."

"Nirudi? Na mguu huu?"

"Utaratibu ni utaratibu."

Alirudi akimtukana njia nzima, kwa sauti ambayo mabenchi yote matatu yaliisikia. Chumbani aliandika kwa haraka: *Yah: Ukorofi wako*, akaongeza mistari miwili isiyofaa kunakiliwa hapa. Ndipo kalamu ikasimama. Aliona mchezo aliochezewa. Safari moja imekuwa mbili, kwa hila ndogo tu. Na hila hiyo, aliyeianzisha duniani ni yeye.

Maana lilikuwepo jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Enzi zile barua zake zilikuwa na sifa moja mbaya: zilikosa viambatisho. Chini ya barua imeandikwa "kiambatisho kimoja", na ndani hakuna. Tarishi alishuka nayo ghorofa tatu, akavuka uwanja mpaka jengo la pili, akarudishwa, akapanda tena. "Bibie, kiambatisho hakipo." Naye angejishika kichwa, angefungua droo, na hicho hapo! Ilitokea mara nyingi hata mkuu wa idara akaandika barua ya onyo kwa uzembe, na aliyetumwa kuileta ni Tarishi mwenyewe. Alisimama mbele ya meza yake siku ile kama mtu aliyeleta habari ya msiba. Jioni alimsubiri langoni ampe pole, na pole hiyo haikuisha mpaka wakaoana. Ukaribu ukatokea hapo. Cheo cha mwandishi mkuu wa ofisi kilikwenda kwa mwingine, na Bi Karani hakukililia hata siku moja.

Ila angemwambiaje? Miaka yote mumewe alimjua kuwa msahaulifu, akamtania kwa hilo. Funguo zikipotea, "kiambatisho hakipo." Chumvi ikisahaulika, "kiambatisho hakipo." Watoto nao wakaimba hivyohivyo. Alikwishazoea.

Aliipeleka barua ya ukorofi. Ikapokelewa, ikasainiwa, saa ikaandikwa. Kesho yake bahasha ilisema BENCHI LA PILI. Keshokutwa, la tatu. Soseji alizirudisha, akaomba matunda, maana alikuwa na safari na tumbo zito halipandi. Mambo ya kuandika hayakukosekana: mara ile siku walipohamia na godoro moja, mara jinsi mtoto wa kati alivyomeza kifungo, mara kiatu cha chuma kilichotupwa bila ruhusa yake. Tarishi alizisoma zote palepale, nyingine akazirudia mara mbili, moja akageuka kando akapenga kamasi. Yule mama wa kofia akaanza kusalimia kwa heshima: "Kazi njema, mama." Siku ya mwisho iliandikwa MGAHAWA WA JUU. Ngazi ishirini na nne. Alizipanda kwa nusu saa, akipumzika mara tano, na alipofika juu alijitupa kwenye kiti cha kwanza. Lakini kichwani alipiga hesabu. Nyumbani ni thelathini na nane.

Gari lilipowashusha mbele ya nyumba, binti yao alikuwa anasubiri na kaka yake, na majirani wawili wamesimama na kile kiti cha plastiki. Tarishi alisalimia wote, akachukua daftari lake kwenye begi, akapanda bila kuaga.

"Baba naye! Anamwacha mama chini?" binti alishangaa.

"Mama, kaa tukubebe," alisema mtoto wa kiume.

"Niacheni. Nina barua," alisema Bi Karani, na akaonyesha bahasha. Watoto walitazamana.

Mguu mzima kwanza, mbovu unafuata. Moja. Mbili. Ya kumi na moja, ile ya zamani, aliipita bila kugusa ukuta. Kumi na tisa, kituo cha ghorofa ya kwanza, viatu vya jirani vimepangwa mlangoni. Hapo alisimama muda mrefu, na binti yake nyuma akanyoosha mkono, akaurudisha mwenyewe. Ishirini na tano, mguu ulianza kutetemeka. Thelathini, aliogopa. Aliogopa kweli, akakiona kile chumba cha chini na dirisha lake linalotazama ukuta. Juu, mtu alikohoa. Kikohozi kile alikuwa amekisikia kwenye korido ile miaka thelathini na moja, na alitaka kuendelea kukisikia hapohapo. Thelathini na moja. Thelathini na mbili. Bahasha ilikuwa imelowa jasho lakini vidole havikuiachia.

Mlango ulikuwa wazi. Tarishi alikaa kwenye kiti katikati ya korido, kalamu sikioni.

"Umechelewa," alisema, akifungua daftari.

"Sahihi hapa, bwana," alijibu Bi Karani.

Tarishi alisaini. Akavaa miwani, akafungua.

*Yah: Viambatisho. Mada tajwa hapo juu yahusika. Napenda kukufahamisha kuwa katika utumishi wangu wote sikusahau kiambatisho hata kimoja. Nilivificha kwenye droo ili upande tena. Barua ya onyo nilistahili, na niliifurahia. Nakuomba radhi kwa usumbufu wote. Wako mtiifu.*

Aliisoma mara moja. Akaisoma tena, midomo ikicheza.

"Hata siku ile ya mvua?"

"Hata hiyo."

"Nilipoteleza nikaumia goti?"

"Siku hiyo nililia chooni. Lakini ndiyo, hata hiyo."

Tarishi alivua miwani. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujisumbua kuyaficha mbele ya watoto, waliosimama mlangoni bila kuelewa kitu. "Ghorofa tatu, mke wangu! Mara mbili kwa siku! Na mimi nikakuonea huruma miaka yote hii!"

"Na mimi leo nimepanda mbili," alisema Bi Karani. Alikuwa amekishika kiti cha mumewe kwa mkono wa kushoto, na mkono ulikuwa umekaza. "Imebaki moja."

Tarishi alimpisha akae. Kisha akaegemeza daftari ukutani, akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe ya kesho. Kwenye mahali akaandika: PAA, PENYE KAMBA ZA NGUO.