Kinyozi wa Biskuti

Binti yangu Kinya alipopata kazi Doha aliniachia mbwa wake, Biskuti, kadude keupe kenye manyoya mengi hadi macho hayaonekani. Kila Jumapili alipiga simu ya video amwone. Nami nilimchana mgongo haraka haraka, nikampakata, nikasema anakula vizuri. Sasa Kinya angefika Ijumaa, na nilitaka amkute mbwa wake anang'aa, asije akasema mama yake anajua ng'ombe tu.

Hapa Githongo ukisema unamtafutia mbwa kinyozi, watu watakucheka mpaka washike mbavu. Kwa hiyo nilitafuta kwa simu, mlango nimeufunga. Nimekuwa mwalimu miaka thelathini na moja, na kuhoji watu nimezoea. Niliwauliza vinyozi kama wanawafunga mbwa kamba, kama wanawapiga, kama wana vyeti. Lennox wa Kaaga alijibu yote vizuri, kisha akaniuliza kama nimewahi kupitisha vidole chini ya manyoya hadi kwenye ngozi. Nikaona ananikosea adabu, nikamkatia simu. Nilimchagua Wawira wa Embu kwa sababu kila nilichosema aliitikia, ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu.

Alhamisi nikamtia Biskuti kikapuni, nikamfunika leso, jirani akatufikisha Embu kwa gari lake.

Wawira alimweka mezani, akampapasa shingo. Alizima mashine ya kunyolea akachukua mkasi mdogo. Chini, manyoya yalikuwa yameshikana kama blanketi kuukuu, na alipoyafungua harufu mbaya ikatoka. Utepe mwekundu ulikuwa umezama ndani ya nyama ya shingo. Nilimfunga mwenyewe siku ya Krismasi kwa ajili ya picha. Huu ulikuwa mwezi wa Aprili, na mimi nilidhani utepe ulishadondoka zamani.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wawira hakuniambia neno baya, alisema tu kwamba akimaliza kuukata twende kwa daktari wa mifugo. Hapo simu yangu ikalia. Nilikuwa nimemwambia Kinya kuhusu safari hii, naye alitaka kuona mbwa akinyolewa. Nikaipokea bila kufikiri, na kitu cha kwanza alichoona ni damu.

"Mama, nani amemfanyia hivyo?"

"Ni huyu kinyozi," nikasema.

Wawira aliinua macho akanitazama, kisha akarudi kwenye kazi yake. Kinya alimfokea, akasema atamtangaza mtandaoni asipate mteja tena Embu nzima.

"Wacha nimalize kwanza, dada," Wawira akasema polepole. "Kuna kipande imebaki ndani."

Nikakaa kwenye benchi, simu mkononi, na aibu ikinichoma mwili mzima.

"Kinya, wachana na yeye. Ni mimi. Nilimfunga utepe Krismasi na sikumfungua."

Akaniuliza, bila hasira yoyote, kama miezi hiyo yote mbwa alikuwa akilia.

Nilikuwa nimelala nyumba moja na Biskuti, nikimpakata kila Jumapili, na sikujua kama alikuwa akilia.