Chale za Bandama

Dada Herieth alikataa kufungua kanga. Ilikuwa mara ya tatu tunatoka Idete kuja hospitali Ifakara, na mara zote ameishika kanga hiyo tumboni kwa mikono miwili.

Tumbo lilianza kujaa upande wa kushoto wakati wa kupanda mpunga. Majirani walitania, "Herieth, hiyo mimba ya miezi mingapi? Kama ni tembo tuambie tujenge zizi." Baadaye wakanyamaza, na ukimya ule ulinitisha zaidi. Hospitali wakampima: malaria hana. Kichocho hana. Wakasema huenda ni kifua kikuu cha tumbo, akaanza dawa. Miezi minne anameza mbele ya macho yangu, tumbo halijashuka hata kidole.

"Ini na bandama vina vinundu," alisema Daktari Elineema. "Dawa hazijafanya kitu. Tunahitaji kinyama cha kupima. Bandama ukiichoma sindano huweza kuvuja damu, kwa hiyo itabidi aende Dar akapasuliwe."

"Nikipasuliwa sirudi," dada akasema, akaanza kulia.

Nilisimama. Nikakaa. Nikasimama tena. Mimi ndiye ninayemwogesha, na kuna kitu nilikuwa nakiona. Tulipokuwa wadogo, bibi alituchanja wote wawili chale za bandama, mikato ya wembe ubavuni kushoto ili bandama isivimbe. Miaka yote zilikuwa zimelala. Mwaka huu zake zimeinuka, nyekundu za kuiva, kama viwavi. Dada alinionya: "Ukisema, watadhani tumetoka kwa mganga. Watatufukuza."

"Daktari," nikasema, "naomba umwangalie chale."

"Merina! Mdomo wako huo!"

Daktari akafunua kanga. Uso wake ukakunjamana. "Mmemchanja lini? Wiki iliyopita?"

"Miaka kumi na minane iliyopita."

"Binti, hizi ni mpya."

Nilipandisha blauzi. "Wembe mmoja, siku moja. Zangu hizi hapa."

Akatazama zangu, akatazama za dada. Akazibonyeza kwa kidole. Kisha akavuta kiti, akakaa.

"Macho yamewahi kumsumbua?"

"Mwezi wa pili yaliuma, yakawa mekundu. Tulidhani vumbi la pumba."

"Mbona hamkusema?"

"Hatukuulizwa."

Akamchoma ganzi, akakata kipande cha chale kidogo kama punje ya mchele. Akaagiza na picha ya kifua.

Wiki tatu sikulala vizuri. Kila simu ikilia nilimwaga kitu: maji, uji, mara moja mboga yote.

Tulipoitwa, daktari alieleza polepole. "Vijidudu vya kifua kikuu hatukuviona. Nimelinganisha kovu, ini, bandama, kifua na macho. Vyote vinaelekea kwenye ugonjwa uitwao sarkoidosisi. Kinga ya mwili inajikusanya mafundo pasipo na adui. Hata kwenye kovu la zamani."

"Unaambukiza?" dada akauliza.

"Hapana."

"Napasuliwa?"

"Hapana. Ila dawa mpya usiziache ghafla hata ukijisikia nafuu."

Nje, dada alinipiga kibao cha bega. "Mbea wewe," akasema, halafu akaniegemea mpaka kituoni.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu aanze dawa mpya. Kila asubuhi nagusa chale zake, halafu, nikigeuka ukutani, nagusa zangu.

"Zimelala?" huniuliza.

"Zako zinalala."

"Na zako?"

"Zimelala," namjibu, na vidole bado viko pale, vinatafuta.