Gramu Ishirini na Nane

Mizani ilisoma elfu moja mia sita na kumi na tano. Jana ilikuwa elfu moja mia sita na arobaini, na juzi ilikuwa juu zaidi. Wubit aliishia darasa la nne, lakini kujua kwamba mtoto wake anapungua hakukuhitaji shule.

"Labda mizani imechoka," alisema.

"Mizani haichoki, dada yangu. Wanaochoka ni sisi," alijibu Sista Yirgalem, akamfunika mtoto upesi. Baridi ya mji wa Dessie haimhurumii mtu wa kilo moja na nusu.

Mtoto hakuwa na jina bado. Jina lingekuja siku ya themanini, siku ya ubatizo. Kwenye kadi aliandikwa Mtoto wa Wubit, na bibi yake alimwita Mamitu. Alizaliwa njiti, miezi miwili kabla ya wakati wake, na kwa karibu wiki nne alilishwa kwa mpira mwembamba uliopita puani ukashuka hadi tumboni. Wubit alikamua maziwa kwenye kikombe, Sista akayamimina kwenye mpira, na mtoto akashiba pasipo kujua kwamba amekula. Jumatatu ya wiki hii ndipo alipoonekana akifyonza kidole chake, wakasema sasa ajifunze kula kwa mdomo.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kumchanganya Wubit.

Maana mdomo ulikuwa mmoja, na ushauri ulikuwa wa aina mbili. Dokta Biruk, kijana mwenye macho ya usingizi na kalamu tatu mfukoni, alitaka chupa. Maziwa yawe yaleyale ya mama, lakini ndani ya chupa yenye mistari, ili ijulikane yameingia kiasi gani. Sista Yirgalem, aliyelea njiti wa hospitali ile tangu Dokta akiwa bado anachunga mbuzi, alitaka titi. Alisema kwenye titi mtoto hufyonza na kupumzika apendavyo. Chupa humtiririkia kooni hata kama hajawa tayari. Walijaribu chupa mara moja. Mamitu alimeza mafunda matatu, akasahau kupumua, midomo ikageuka rangi ya wino. Wubit alipiga yowe lililowaamsha watoto wa chumba kizima.

Basi Dokta akakubali titi lijaribiwe mchana, na usiku mpira uendelee. Sharti lake lilikuwa moja: kila mara mtoto apimwe kabla ya kunyonya, amefungwa nguo zake vilevile, na apimwe tena baada ya kunyonya. Kitakachozidi ndicho alichokunywa.

Kilichozidi kilikuwa kingi. Gramu ishirini na nane. Ishirini na sita. Ishirini na tisa. Alihitaji thelathini tu kila mara! Sista alichora nyota kwenye karatasi. Lakini kila asubuhi, akipimwa akiwa uchi, alikuwa amepungua.

Dokta alipofika kwenye kitanda chao asubuhi ile, alizitazama namba kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ya mkwe wake.

"Chakula kinaingia, mtoto anashuka," alisema. "Basi kuna kitu ndani kinachomla. Nitamchoma sindano ya mgongo kesho, nione kama ana maambukizi. Na akishuka tena, titi tunaacha. Tutampa chupa, na maziwa ya kopo juu yake."

"Alipewa chupa akageuka wino, Dokta," alisema Wubit kwa sauti ndogo.

"Atajifunza."

"Na akijifunza chupa, titi atalikumbuka?"

Dokta alimtazama Sista. Sista alitazama dirisha. Wubit akaona kwamba hata wao kuna mahali ambapo elimu yao iliishia darasa la nne.

Kwao kulikuwa juu mlimani, mwendo wa saa tano kwa miguu kutoka barabarani. Maji yalichotwa kwenye chemchemi walikokunywa pia punda. Dada yake mkubwa alimlea mtoto kwa chupa mwaka ule maziwa yake yalipokauka. Yule mtoto aliharisha siku nne, akazikwa kabla hajajua kukaa. Ndiyo maana Wubit aliapa moyoni kutoshuka kutoka hospitali hii na chupa mkononi. Sasa aliambiwa titi lake, lililokuwa likitoa maziwa mpaka yakalowesha gauni, ndilo linalomkondesha mwanawe. Afuate lipi?

Alimgeukia jirani yake wa kitanda, Lubaba, mke wa mwuza pilipili, aliyekuwa na mapacha wawili, mmoja kwenye titi na mwingine kwenye chupa.

"Dada Lubaba, yupi anayekua vizuri?"

"Kuniuliza mimi ni kumuuliza kipofu njia. Huyu wa chupa amenenepa kama mtoto wa mwenyekiti, ila akinywa anakohoa mpaka naita majina yote ya Mungu. Huyu wa titi hakohoi, ila anakua kama mshahara wa mwalimu. Nikiwabadilisha, wote wawili wanalia. Jana usingizi ulinizidi nikasahau yupi ni yupi!"

Wubit alicheka, kisha machozi yakamtoka kabla kicheko hakijaisha.

Saa sita kamili mama mkwe wake, Mama Asegedech, aliingia na thermosi yenye uji wa shayiri uliotiwa uwatu, dawa ya kuongeza maziwa. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye msalaba mdogo uliochorwa kwenye paji la uso. Tangu mtoto aanze kunyonya, hakuwa amekosa saa hata moja ya kunyonyesha.

"Kunywa, binti yangu. Ng'ombe asiyekunywa hakamuliwi."

"Mimi ni ng'ombe sasa, Mama?"

"Ungekuwa ng'ombe tungekuwa matajiri. Kunywa."

Sista alimpima mtoto na nguo zake, akaandika, akaenda kwa mwingine. Wubit alimweka mtoto kifuani. Mama Asegedech akatandaza shuka lake jeupe juu ya wote wawili, kama alivyofanya kila mara, ili macho ya watu yasimfikie mtoto anayekula. Kisha akaingiza mikono chini ya shuka kumweka sawa, kama alivyofanya kila mara pia.

Mamitu alilamba chuchu, akafyonza mara tatu, akalala. Akaamka, akafyonza mara mbili, akalala tena. Siku zote ilikuwa hivyo, na siku zote Wubit alijiuliza kufyonza kuchache namna hiyo kunaletaje gramu ishirini na nane. Lakini nani yeye, abishane na mizani?

Alimbadilisha upande. Kiganja chake kikagusa kitu kigumu mgongoni pa mtoto, ndani ya blanketi. Alikivuta. Kilikuwa hirizi ya ngozi nyeusi, nene kama kiberiti, iliyoshonwa kwa uzi wa kamba. Aliitambua. Ilikuwa ya mumewe tangu utotoni.

"Irudishe," Mama Asegedech alinong'ona. "Jicho humpata mtu anapokula. Chumba kina wanawake tisa, na huyo Dokta anavyomkazia macho mjukuu wangu! Nikimweka sawa ninaiweka, na akishapimwa ninaitoa. Haimdhuru."

"Unaitoa akishapimwa?"

"Nasubiri alale vizuri kwanza. Kwani vipi?"

Hesabu ilikuwa ikijifanya yenyewe kichwani. Mtoto alipimwa bila hirizi. Alinyonya na hirizi. Akapimwa na hirizi. Sista alichorea nyota ngozi ya kondoo.

Akinyamaza, kesho watamchoma mtoto mgongo wakitafuta ugonjwa usiokuwepo. Akisema, kila mtu atajua kwamba titi lake halitoi kitu kinywani mwa mtoto, na chupa itakuja palepale, pengine na maneno makali kwa Mama Asegedech, aliyeuza kondoo wake ili aweze kulala kwenye veranda ya hospitali. Akiitoa kimya kimya, namba itaanguka ghafla, nao watasema ugonjwa umezidi. Alitafuta mlango wa nne, hakuuona.

"Mama," alisema, "hii ndiyo inayopimwa."

Mama Asegedech alikunja uso. Kisha Wubit akaona jambo linavyomwingia polepole, kama maji kwenye udongo mkavu. Mkono wake ukaenda mdomoni.

"Usiwaambie, binti yangu. Watanifukuza. Watasema mwanamke wa mlimani amemuua mtoto kwa njaa."

Mama Asegedech alisikia hatua, akaisukuma hirizi tena chini ya blanketi. "Haya, tuone leo," alisema Sista Yirgalem, aliyekuwa amesharudi. Alimchukua mtoto, akamweka kwenye mizani. "Ishirini na nane! Huyu ni fundi. Sasa mbona..." Akachukua kalamu.

"Usiandike," alisema Wubit.

"Nisiandike nini?"

Wubit aliingiza mkono chini ya blanketi, akatoa hirizi, akaiweka mezani. Namba kwenye mizani ikashuka mbele ya macho ya wote. Sista alitazama mizani, akatazama hirizi, akatazama tena mizani.

"Tano," alisema. "Amekunywa tano."

"Niliiweka mimi," alisema Wubit.

"Mwongo huyo!" Mama Asegedech aliinuka. "Mimi ndiye niliyeiweka. Kila siku, kila mara. Mpigeni mwenye kosa."

Dokta Biruk aliitwa. Alipoelezwa, alicheka mara moja, kisha kicheko kikamkauka, akaketi kwenye kitanda cha Lubaba bila kuomba ruhusa.

"Nilikuwa nimeshaagiza sindano," alisema. "Nilitaka kumtoboa mtoto mgongo kwa ajili ya njaa." Alijifuta uso. "Basi jambo limekuwa jepesi. Hana ugonjwa. Ila titi hawezi bado. Chupa."

"Hawezi bado, umesema mwenyewe," alisema Sista. "Hajashindwa. Anyonye kwanza hicho anachoweza, kinachobaki tumpe kwa mpira. Nguvu zitakuja."

"Lini? Kitanda hiki kina foleni."

"Lini, lini! Uliuliza hivyo tumboni mwa mama yako?"

Walibishana juu ya kichwa cha Wubit kama watu wanaopitishiana mzigo dirishani. Hoja ya Dokta ilikuwa ya kweli. Hoja ya Sista pia ilikuwa ya kweli. Wubit aliziona zote mbili zikiwa za kweli kwa pamoja, na ndicho kilichomchosha.

"Na wewe mama wa mtoto, unasemaje?" Dokta aliuliza ghafla. Tangu Jumatatu lilikuwa swali la kwanza aliloelekezewa yeye.

"Sijui," alisema Wubit. "Sijui, Dokta. Jana nilidhani anakunywa ishirini na nane, leo najua ni tano. Hiyo tano ni yake, hakumwongezea mtu. Mwacheni anyonye kwanza, mnipe mpira kwa kilichobaki. Kesho asubuhi akishuka, nipeni chupa, nitaishika mwenyewe na kumfundisha."

"Akishuka hata gramu moja?"

Wubit alimvuta mtoto karibu. "Hata moja."

Mama Asegedech alikuwa amesimama ukutani, hirizi mkononi. "Na macho?" aliuliza kwa unyonge. "Ale wazi hivi, mbele za watu?"

Wubit ndiye aliyewageukia wanawake wa chumba. "Dada zangu, nikimnyonyesha, mtanigeuzia migongo?"

"Mimi nina watoto wawili, matiti mawili na chupa moja," alisema Lubaba. "Nitapata wapi muda wa kukutazama? Geuzeni migongo, nyie wengine! Na wewe Dokta, toka, una macho makubwa."

Dokta alitoka. Saa tisa wanawake wanane waligeukia ukuta, wengine wakicheka, mmoja akisali. Mama Asegedech alisimama mlangoni kama askari. Mtoto alikunywa gramu sita. Ishirini na nne zikapita kwenye mpira. Saa kumi na mbili alikunywa nne tu, akalala, na Wubit hakujua kama alikosea kuomba alichoomba.

Asubuhi alimvua mtoto mwenyewe. Kofia aliitoa mwisho. Dokta alikuwepo, na Sista, na Mama Asegedech aliyeficha uso kwenye shuka.

Elfu moja mia sita na kumi na tano.

"Hajashuka," alisema Sista.

"Hajapanda," alisema Dokta. Alikuna kichwa kwa kalamu. Alifungua faili, akalifunga. "Hili hatukulipanga."

"Hatukulipanga," Wubit alikubali. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akitafuta usoni mwao mtu anayejua. Hakumwona. Jambo la ajabu ni kwamba jana kutokujua kwao kulimtisha, na leo kulimfanya aone kwamba hayuko peke yake.

"Tukutane kesho asubuhi, basi," Dokta alisema mwishowe, akaondoka akitikisa kichwa.

Ilikuwa saa tatu. Wanawake waligeukia ukuta bila kuambiwa. Wubit alifungua gauni, akamsogeza mtoto. Mamitu alilamba, akafyonza, akanyamaza. Kisha, katika ukimya ule wa migongo minane, Wubit akasikia sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwake: mtoto alimeza. Ilikuwa sauti ndogo, kama tone linaloanguka mtungini. Akameza tena. Wubit alianza kuhesabu kwa kunong'ona, mbili, tatu, nne, akisita baada ya kila moja, asijue kama itafuata nyingine.