Shemeji wa Kwenye Greda

Asubuhi ile Taratibu alipanda rola yake akiwa amechoka tayari, kama mtu anayetoka kazini na si anayeingia. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili. Tangu dada yake mdogo arudi na mabinti zake wawili, kulala kulikuwa kwa makubaliano: akigeuka mmoja, wote wageuke. Mtoto wake wa mwisho alihamishiwa kitanda cha wazazi, na mtoto yule, Mungu amkuze, alikuwa na visigino vya punda.

Jina lake halisi lilijulikana kwa watu wa mishahara tu. Barabarani aliitwa Taratibu, kwa kuwa rola haikimbii, na kwa kuwa hata ungemweleza habari ya nyumba kuungua angekujibu, "Taratibu, bwana." Kazi yake ilikuwa kushindilia. Greda likishachanganya udongo na kuusawazisha, yeye hupita juu yake na chuma kizito, aende na kurudi, aende na kurudi, mpaka udongo ukubali kuwa kitu kimoja.

Tatizo lilikuwa mtu wa mbele yake. Dereva wa greda aliitwa Kisu, kwa jinsi alivyolijua lile bamba la chuma linalokata udongo. Watu walisema akipita yeye, hata maji ya mvua husimama kwanza kuuliza njia. Kisu huyo ndiye aliyekuwa mume wa dada yake. Mke alipoondoka, Kisu alisema mbele ya vibarua wote, wakati wa chai, kwamba mwanamke yule anadeka na kuna watu wanaomdekeza. Taratibu alimeza chai yake na maneno yale pamoja. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Mmoja akiwa mbele, mwingine nyuma, kutwa nzima kwenye barabara moja, na salamu hakuna.

Mzigo wa ugomvi wao ulimwangukia Mama Bendera, mwanamke mnene mwenye sauti ya tarumbeta aliyesimamisha magari kwa bendera nyekundu.

"Mwambie mwenye greda arudishe kifusi upande wa kushoto, kuna shimo," Taratibu humwambia.

"Si yule pale? Hata ukipiga chafya atakuitikia."

"Mwambie tu, mama."

Naye huenda akijikokota kwenye vumbi, akarudi na jibu. "Kasema kaona. Na mimi nasema nimeajiriwa kusimamisha malori, si kubeba maneno. Malori yana adabu kuliko nyinyi."

Udongo wa sehemu ile ulikuwa mwepesi wa moyo. Jua likiwaka unakuwa unga, mvua ikinyesha unakuwa uji, na barabara ya lami haikai juu ya uji. Kwa hiyo tabaka la msingi, lile linalolala chini ya lami na kubeba mzigo wote bila kuonekana, lilichanganywa na saruji. Vibarua hupanga mifuko kwa mistari, wakaipasua, wakaitandaza kwa reki. Kisu hupita akichanganya, boza la maji likapita likinyunyiza, Kisu akachanganya tena na kusawazisha, kisha Taratibu akashindilia. Ila saruji haina subira. Maji yakishaigusa, kazi yote imalizike kabla haijashika. Ikishika mkiwa bado mnahangaika nayo, mnabomoa kile ilichoanza kukijenga.

Siku hiyo boza la kwanza lilikuja mapema, likalowesha nusu ya kipande, yaani upande wa karibu na daraja. Boza la pili halikuonekana. Baadaye dereva wake akapiga simu: pampu imekufa mtoni, fundi anaitafuta roho yake. Mhandisi, mwanamke mwembamba aliyekauka sauti kwa vumbi la miezi mingi, alisimama kwenye kivuli cha gari lake akiongea na simu mbili, moja kwa kila sikio. Jua lilikuwa limeshika utosi.

Kisu aliona upande wa mbali umekaa na saruji kavu, akaona utaharibika. Akapeleka greda huko, akawa anageuza udongo huku akilisubiri boza. Nyuma yake, upande wa daraja, Taratibu alikuwa ameshindilia mara ya kwanza. Sasa palihitaji bamba la greda lipite kidogo, liondoe vimgongo na kujaza mabonde, ndipo rola imalizie. Palihitaji wakati ule ule, palipokuwa bado laini.

Taratibu alimtafuta Mama Bendera. Alikuwa mwisho wa barabara, anabishana na dereva wa lori la mbao.

Basi alikaa kwenye kiti cha rola, injini inanguruma chini yake, anamtazama shemeji yake kwa mbali. Kilichotakiwa ni kushuka, kutembea, na kumwambia mtu, "Njoo umalizie huku kwanza." Maneno yenyewe hayajazi kiganja. Lakini mguu ulikataa. Alijiambia, ataona mwenyewe, ana macho. Akajiambia, kama anajua kazi atakuja. Akajiambia pia kwamba amechoka, na hilo ndilo pekee lililokuwa kweli tupu. Alipitisha rola tena juu ya vile vimgongo, ili asionekane amekaa bure, akijua kabisa hakuna anachosaidia.

Boza lilipofika na kulowesha upande ule, Kisu aliuchanganya, akausawazisha, ndipo akarudi darajani. Alishusha bamba. Juu pakabanduka vipande vyembamba, kama ukoko wa wali sufuriani. Akapita tena, pakabanduka zaidi.

Mhandisi alikuja na sururu. Aligonga mara moja, akainama, akainua kigae cha udongo na kukivunja kwa vidole. Alikitazama kwa muda mrefu kuliko kilivyostahili.

"Mzee Taratibu, huku kulikuwa tayari saa ngapi?"

"Kulikuwa tayari zamani."

"Na greda lilikuwa wapi?"

"Kule," Kisu alisema, akionyesha kwa kidevu.

"Nani alikuwa anamsubiri nani?"

Vibarua walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa mtaro, weupe kwa saruji mpaka kwenye kope, wanasikiliza. Mhandisi hakupandisha sauti. Pengine hakuwa na ya kupandisha. Alisema upande wa mbali utashindiliwa sasa hivi na upimwe kesho. Huu wa daraja uchimbuliwe wote, uchanganywe upya na saruji mpya. Kisha akarudi kwenye simu zake. Kibarua mmoja mzee, aliyebeba mifuko tangu alfajiri, alijilaza chali kwenye majani akafunika uso kwa kofia.

Mama Bendera alifika na bendera yake begani. Akatazama vile vigae, akawatazama wanaume wawili.

"Watu wamebeba mifuko leo mpaka migongo imepinda," alisema. "Nyinyi mmebeba nini? Midomo."

Akaondoka. Neno hilo liliwachoma kuliko la mhandisi.

Taratibu alimaliza upande wa mbali. Aliporudi alikuta Kisu ameshusha meno ya greda, yale ya nyuma yanayochana ardhi, na anachimbua kipande cha daraja. Kilikuwa kigumu sasa, kigumu cha ukaidi, si kigumu cha kufaa. Greda lilitetemeka, likakoroma, likavuta. Lilipofika mwisho, Kisu alizima injini, akashuka, akaja kukaa chini kwenye kivuli cha rola. Hakuomba ruhusa. Taratibu naye akashuka. Walikaa wameegemea chuma kimoja.

"Nilikuona ukisimama," Kisu alisema.

"Na mimi nilikuona unaona."

"Nikasema, akinihitaji ataniita."

"Nami nikasema, akijua kazi atakuja."

Kisu alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, akafuta macho kwa nyuma ya mkono. Uso ukabaki na michirizi miwili ya matope. "Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mdogo kang'oka jino."

"La juu?"

"La chini."

Kisu alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari ya nchi ya mbali. Alieleza kwamba kambini analala kwenye kontena, kwamba usiku bati linatoa joto lote lililolimeza mchana. Kisha akasema, "Nilitegemea utamrudisha, shemeji. Siku ya kwanza tu. Mwanamke akigombana na mumewe, kaka mtu si humrudisha?"

"Ng'ombe akivunjika guu malishoni hujikokota zizini. Nimfukuze?"

"Lakini hukumuuliza ana nini."

Ilikuwa kweli. Alimpokea dada yake, akampa chumba, akakunja uso kwa ajili yake, ila kumuuliza hakumuuliza. Alidhani kukasirika kwa niaba yake kunatosha.

"Na wewe ulimuuliza?" alisema mwishoni.

"Mimi nilikuwa nimeshatangulia huku kwenye barabara hii."

"Basi njoo leo jioni umuulize. Shemeji, mimi nimechoka kuwa ukuta. Huku unaegemea wewe, huku anaegemea yeye."

Kisu alikuja. Alikuwa ameoga kambini, lakini vumbi la saruji halitoki siku moja, lilikuwa bado kwenye mikunjo ya shingo. Mke wa Taratibu alimkaribisha kwa heshima zote, akawafukuza watoto kwenye kiti kizuri. Mabinti walimsalimia baba yao, "Shikamoo," wakasimama karibu bila kumgusa, kisha yule mdogo akafungua kinywa kumwonyesha pengo. Dada alikuwa jikoni. Aliposikia sauti hakutoka haraka.

Kwa hiyo Kisu alisubiri. Alikuwa amepanga maneno, Taratibu alimwona akichezesha midomo. Chumba kilikuwa na joto, kiti kilikuwa laini, na mtu yule alikuwa kwenye chuma kinachotetemeka tangu kabla ya jua. Dada alipoingia na sinia, mumewe alikuwa amelala, kichwa nyuma, kinywa wazi, mikono magotini kama mtuhumiwa.

Alisimama na sinia lake.

"Huyu ndiye aliyekuja kuniomba msamaha?"

"Ndiye," Taratibu alisema. "Nimwamshe?"

"Mwache."

Wakala kwa sauti ndogo, wakipitishiana bakuli juu ya miguu yake. Wifi mtu aliuma kitambaa asicheke. Baada ya chakula dada alipiga magoti, akamvua viatu, soksi akaziweka mbali kabisa na watu. Ndipo Taratibu akamuuliza alichopaswa kumuuliza tangu siku ya kwanza.

"Alikukosea nini, dada yangu?"

Alifikiri. "Hakunikosea. Barabara ikiisha tunahama. Kila mji napata jirani, nikishalijua jina la mwanawe tunafunga vitu. Nikiamka usiku napapasa swichi kwenye ukuta wa nyumba tuliyohama zamani. Mwisho akaniambia kwa simu tunahama tena, yeye kashatangulia, mimi nifungashe. Kwa simu, kaka. Nikasema sifungashi, nikachukua watoto nikaja kwako." Akakung'uta vumbi kwenye magoti yake. "Yeye anadhani namchukia. Nimechoka tu. Kuchoka na kuchukia ukivitazama kwa mbali vinafanana."

Kisu alikuwa amefumbua macho. Hawakujua tangu lini. Hakunyanyua kichwa, alisema tu, sauti nzito ya usingizi, "Mimi nilidhani najua kusawazisha kila kitu."

"Barabara," mkewe alisema. "Unajua barabara."

Waliongea mpaka chai ikapoa. Taratibu alitaka kuwapisha lakini hapakuwa na mahali pa kupisha, ikabidi asikie yote. Dada alisema kwamba haendi kambini wala mji mwingine. Amepata kazi ya kushona kwa fundi wa sare, watoto wamezoea shule, anabaki hapa hapa. Kisu akitaka mke, mlango utakuwa hapa, na yeye ndiye atakayehama na kurudi. Kisu aliuliza itakuwaje barabara ikifika mbali. Akajibiwa kwamba barabara huenda pande zote mbili, yeye wa kwanza kujua. Hakukubali wala hakukataa. Alivaa viatu akaondoka.

Kipande cha daraja walikirudia saruji mpya ilipoletwa. Kisu alichanganya, Taratibu akashindilia, na palipokuwa na bonde Taratibu alipiga honi, greda likarudi nyuma. Mama Bendera aliwatazama akasema hata honi ni maendeleo. Mhandisi alipogonga kwa sururu, sururu iliruka. Aliandika kitu, akasema, "Haya, mwagieni maji, pasikauke," akaenda kwenye kipande kingine. Hakuna aliyesifiwa, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kungoja sifa.

Jumapili iliyofuata Kisu alikodi chumba ghorofa ya tatu, mtaa wa nyuma ya shule. Hakutangaza, alikuja tu mlangoni akasema amepata mahali, na godoro ni zito. Dada alisema atakwenda akaangalie, kuangalia si kukubali. Alitangulia na mabinti. Taratibu na shemeji yake wakalibeba godoro ngazi kwa ngazi, mmoja mbele, mwingine nyuma, jasho linawachuruzika. Ghorofa ya pili Kisu alisema, "Tuweke chini kidogo." Wakaliweka ukumbini, wakakaa juu yake.

Kutoka juu dada aliita kuuliza wamefika wapi.

"Tunakuja," Taratibu alijibu.

Kisu alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho. Taratibu naye akanyoosha miguu. Mtu mmoja alipita na ndoo, akawaruka kwa adabu. Dada akaita tena, safari hii kwa kucheka, nao wakatazamana, kila mmoja akingoja mwenzake aanze kunyanyuka.

"Haya, shemeji," Taratibu alisema. "Shika upande wako."